Swali la Ishirini: Wasifu wa Marehemu Mwalimu Gershon Kodzo Dotse

Wachungaji, wazee wa ukoo, walimu, majirani na nyote mliofika Kpando asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Dzigbordi, binti wa dada wa marehemu, aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu kwa miaka kumi na minane. Marehemu mwenyewe alisomewa sehemu kubwa akiwa kitandani hospitalini. "Umenipamba mno," alisema. "Punguza sifa, ongeza tarehe." Sifa zimepunguzwa, na tarehe zipo.

Mwalimu Gershon Kodzo Dotse alizaliwa hapa Kpando tarehe 12 Novemba 1951, siku ya Jumatatu, kama jina la Kodzo linavyosema. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Emmanuel Dotse, mwashi, na Mama Yawa, muuza samaki wa kukausha. Baba yake alikuwa na kamba ya mafundo kumi na mawili, ya kupimia misingi ya nyumba. Ukiivuta nafasi tatu upande huu na nne upande ule, halafu nafasi tano zikafunga, unapata pembe mraba isiyo na ubishi. Kodzo mdogo ndiye aliyeshika ncha ya kamba hiyo kila likizo. Jiometri ilimwingia mikononi kabla hajaiona ubaoni, na haikumtoka tena.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu Hohoe, alikohitimu mwaka 1973. Kati ya mwaka 1976 na 1980 alisomea hisabati Chuo Kikuu cha Cape Coast. Wenzake wa bwenini wamesimulia kwamba hakuweza kula ugali wa akple bila kwanza kuligawa bonge zima katika vipande vilivyolingana, mchuzi wa bamia ukipoa pembeni. Walimcheka. Alimaliza wa kwanza darasani, na wa mwisho mezani.

Alifundisha hisabati katika sekondari ya hapa mjini hadi alipostaafu mwezi Novemba 2011. Lakini wengi wenu hamkumjua kwa ubao. Mlimjua kwa kipaza sauti. Tangu mwaka 1992 hadi 2023 alitunga na kuendesha chemsha bongo ya shule za sekondari za wilaya, miaka thelathini na mmoja bila kukosa hata fainali moja. Maswali yalikuwa ya aina tatu, habari za wakati huu, jiometri na majina ya timu za michezo, na kila aina ilikaa kwenye boksi lake la viatu, kila swali na kadi yake.

Boksi la habari lilimpa kazi kuliko mengine. Kila Januari alilipekua lote, akitoa kadi za mawaziri walioondoka na nchi zilizobadili sarafu. Kazi hiyo aliiita kuzika kadi. Boksi la jiometri halikuhitaji kupekuliwa. "Pembetatu haifukuzwi kazi," alikuwa akisema, na sisi tulicheka kila mwaka, kwa sababu alitutazama mpaka tucheke.

Ni yeye pia aliyeandika kanuni za mashindano. Mwaka 1994 mkuu mmoja wa idara alihamishwa asubuhi ileile ya fainali. Shule iliyosikia redio ilijibu jina jipya, ambayo haikusikia ilijibu la zamani, na ukumbi ukabishana hadi jua likakaribia kuzama. Jumatatu yake Mwalimu aliandika Kanuni ya Saba: jibu ni lile lililo kwenye kadi, na kengele ikishalia, hukumu haibadilishwi. Kamati iliipitisha kwa makofi. Tafadhali mkumbuke kanuni hiyo.

Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa na Bi. Abla Felicia Agbeko, muuza vitambaa wa soko la Kpando. Walikutana kwenye meza ya Bi. Abla. Mwalimu alikuwa akikunjua kitambaa cha tatu bila kununua, Bi. Abla akamwuliza, "Wewe si ndiye yule mwalimu anayejua kila kitu? Haya, timu ya taifa ya Lesotho inaitwaje?"

Hakujua. Alisimama pale na kitambaa mkononi.

"Mamba," Bi. Abla alisema. "Sasa nunua au nipishe, wateja wanakuja."

Meza ya Bi. Abla ilipakana na ya fundi redio ambaye kutwa nzima aliacha mechi zikipiga kelele, na hakuna jina la timu lililompita Bi. Abla. Kwa hiyo boksi la tatu lilikuwa lake. Kila kadi ya timu imeandikwa kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, herufi zikiegemea kulia. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Sitsofe, mwaka 1984.

Bi. Abla alifariki tarehe 3 Machi 2016. Kaburi lake Mwalimu alilipima mwenyewe kwa kamba ya baba yake, na ncha ya pili ilishikwa na rafiki yake, Mwalimu Koku Adzraku, aliyefundisha timu ya chemsha bongo ya Shule ya Wasichana ya Mawunyo. Watu hao wawili walikuwa wameketi barazani kila Jumamosi tangu mwaka 1985, wakijaribiana kwa maswali na kutukanana kwa upendo. Siku hiyo ya kaburi walipima tu, pembe baada ya pembe. Mwalimu alipomaliza aliondoka mikono mitupu, na kamba ikabaki kwa Adzraku.

Nyumba ikawa kubwa. Sitsofe yuko Toronto, na alipiga simu kila Jumapili, lakini Jumapili ni moja tu kwa wiki. Msomaji wa wasifu huu, akipika upande wa pili wa ukuta, alisikia mjomba wake akiuliza maswali kwa sauti na kuyajibu. Mwanzoni alidhani kuna mgeni. Kisha akasikia matokeo: "Kodzo kumi na nne, Abla kumi na tisa." Kwenye jiometri alimwachia Bi. Abla akosee, kwa kuwa enzi za uhai wake alikosea. Kwenye majina ya timu hakumwachia akosee hata mara moja. Na tangu mwezi ule wa Machi hakulipekua tena boksi la tatu, wala hakuongeza kadi, wala hakutoa. Tulipomwuliza alisema majina ya timu ni kama pembetatu, hayabadiliki. Hakuwa mjinga. Hakutaka tu kuzika kadi hata moja ya mkewe.

Tarehe 18 Machi 2023 ilikuwa fainali. Swali la ishirini, la mwisho, lilikuwa la pointi tatu, na Mawunyo walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Timu ya taifa ya Benin inaitwa kwa jina la mnyama gani? Binti wa Mawunyo, Yayra Kpodo, alibonyeza kengele wa kwanza akasema, "Duma."

"Si sahihi," Mwalimu akasema. "Kindi."

Mwalimu Adzraku akainuka kwenye safu ya pili. "Wee Kodzo! Walikuwa kindi zamani! Mwaka jana wamebadili. Hiyo kadi yako imeoza!"

Mwalimu aliitazama kadi ile ya wino wa bluu. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, watu mia tano wakisikia, "Mwalimu Adzraku, kaa chini. Anayeshindwa hakosi kelele."

Mlicheka. Wengi wenu mliopo hapa mlikuwepo pale, na mlicheka. Adzraku akaketi, kengele ya mwisho ikalia, kombe likaenda kwingine.

Jumatano iliyofuata Mwalimu alikuwa akisikiliza mpira kwa Kifaransa kwenye redio ya Lomé. Benin walikuwa wakicheza, na mtangazaji aliwaita duma, tena na tena, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mwalimu alizima redio. Akavaa shati la kanisani, akaenda kwa Adzraku, akapitia mlango wa jikoni kama alivyozoea, akaomba msamaha. Alirudi baada ya robo saa. Mpwa wake, huyu anayewasomea, alimwuliza kulikoni.

"Amesema nilimtukana kwenye kipaza sauti, na sasa naomba radhi kwenye sufuria zake," alijibu. "Amesema nirudi na kipaza sauti."

Akaanza kukitafuta. Alikwenda kwenye kamati akaomba dakika moja tu siku ya kugawa zawadi. Mwenyekiti alimfungulia kijitabu na kumsomea Kanuni ya Saba. "Mwalimu, si wewe uliyeiandika?" Alikubali kwamba ndiye. Mwezi uliofuata kamati ilimshukuru kwa barua kwa utumishi wake na kumpa kijana mwenye kompyuta kazi hiyo. Alikwenda redio ya hapa mjini, akaambiwa vipindi vimejaa. Kanisani aliambiwa matangazo ni ya kanisa. Watu walimwambia, "Mzee, ni mnyama tu huyo, achana naye." Hakuweza kuachana naye. Alirudi kwa Adzraku Jumamosi tatu mfululizo, na mara zote aliambiwa hayupo, huku redio yake ikisikika ndani. Baada ya hapo aliweka viti viwili barazani kila Jumamosi, akakaa kwenye kimoja. Tuliokuwa karibu tuliona. Tulipeleka chakula, tukarudi kwenye shughuli zetu, na leo jambo hilo linatuuma.

Mwezi Januari 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara tatu. Sitsofe alikuja mwezi Mei akakaa naye majuma matano. Mwanzoni mwa Julai, mpwa wake akimlisha uji, aliuliza, "Dzigbordi, kwenye mazishi yangu kutakuwa na kipaza sauti?"

"Mjomba, kunywa uji."

"Nimeuliza swali. Kitakuwepo au hakitakuwepo?"

"Kitakuwepo, Mjomba."

"Kikubwa?"

"Kile cha Mzee Selorm, chenye spika nne. Wanakisikia mpaka sokoni."

"Basi," alisema. Akanywa uji wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima, kisha akaomba kalamu na kadi. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Julai 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi minane kasoro siku moja.

Juzi Alhamisi wachimbaji walikuwa wanamalizia kaburi. Mwalimu Adzraku alifika bila kuitwa, akatoa mfukoni kamba ya mafundo kumi na mawili. Alipima pembe zote nne. Moja, ya upande wa barabara, aliwaambia wairudie, na alisimama juani mpaka wakairudia. Mpwa wa marehemu alishika ncha ya pili. "Mwalimu, utakuja Jumamosi?" alimwuliza.

"Nitakuja kusikiliza," alisema, akaikunja kamba.

Marehemu ameacha binti mmoja, Sitsofe, mkwe mmoja, wajukuu wawili, Elinam na Senanu, dada mmoja, Mama Enyonam, wapwa tisa, wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu, na maboksi matatu ya viatu. Kwenye boksi la tatu, kadi ya Benin bado ipo, kwa wino wa bluu wa Bi. Abla. Hakuikata wala kuifuta. Nyuma yake amebana kadi nyingine, ya mkono wake mwenyewe, na ametuagiza isomwe leo, hapa, kwenye kipaza sauti. Inasema hivi:

"Fainali ya tarehe 18 Machi 2023. Swali la ishirini. Yayra Kpodo wa Mawunyo alijibu: duma. Jibu ni sahihi. Pointi tatu. Mawunyo ndio washindi. Nilikosea, na niliyemkosea zaidi nilimwambia akae chini mbele ya watu. Mwalimu Adzraku, nakuomba usimame."

Ndivyo kadi inavyosema, na jibu ni lile lililo kwenye kadi. Mjomba, kengele imelia. Lala kwa amani kando ya Abla.