Tereza Hataki Kubaki Nyuma

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, Agutu, muuza dagaa, alikaa karibu na muuguzi mmoja, Tereza, aliyepakata raketi ya mtumba. Mzee aliyeketi jirani nao alipotaja kwamba aliwahi kufundisha tenisi, Tereza hakumwacha apumue.

"Shikamoo, mzee. Nikisogea wavuni mipira yote inanipita. Na Jumamosi nakutana na yule aliyenifunga mara tatu."

"Marahaba. Nionyeshe unavyopiga."

Tereza akasimama katikati ya magunia, akapunga raketi kwa nguvu. Agutu, ambaye hakuwahi kuuona mchezo huo, akavuta kapu lake pembeni.

"Unazungusha mkono mno," mzee alisema. "Mpira ambao haujadunda husukumwa tu. Raketi mbele, kaza kifundo cha mkono, piga hatua."

Tereza akarudia mara ishirini, jasho likimtoka.

"Bado unafumba macho."

"Mwaka jana mpira ulinipasua mdomo."

"Basi Jumamosi baki nyuma, mwanangu."

"Huko nyuma ndiko nilikofungwa mara zote tatu, mzee. Nitasimama wavuni."

Kivuko kilipogota ng'ambo, mzee alikuwa bado anakataa. Tereza alishuka wa kwanza, kabla hata ya magari.