Mama Bulongo na Ukuta wa Mikono

Marehemu Mélanie Numbi wa Kabamba, ambaye watoto wa mtaa huu walimwita Mama Bulongo, yaani mama wa udongo, alikuwa binti wa Kabamba aliyefungua na kufunga milango ya maji ya bwawa la Mwadingusha miaka ishirini na sita bila kuchelewa siku hata moja. Alikuwa mjukuu wa mfinyanzi Numbi, ambaye nyungu zake zilipika karamu za harusi huku na huku ya mto Lufira. Na alikuwa mdogo wangu, mimi Jaël, ninayesoma wasifu huu kwa sababu nimebaki mkubwa wa ukoo na macho bado yananisaidia.

Alizaliwa Mwadingusha, Jumatatu tarehe 3 Machi 1941. Mimi nilikuwa na miaka minane. Asubuhi hiyo nilitumwa mtoni kuchota maji, niliporudi nikakuta si mimi tena mtoto wa mwisho. Sikufurahi, na mama alipenda kunikumbusha jambo hilo mbele ya wageni.

Masomo ya msingi aliyafanya palepale Mwadingusha kwa masista, toka 1948 hadi 1953, miaka mitano. Alisoma na kuandika vizuri, lakini hesabu ndizo zilizompendeza zaidi. Siku moja mwalimu aliwaamuru wachore kuku kwenye vibao. Wenzake walichora mdomo, mkia na miguu. Marehemu alichora kuku mwenye mayai manne tumboni. Mwalimu akamuuliza tangu lini mayai yanaonekana kwa nje. Akajibu, "Kuku njo anayafichaka, Moniteur. Minye hapana." Alipigwa fimbo mbili. Nyumbani baba alicheka hadi akakohoa, kisha akasema miaka mitano inatosha kwa msichana. Hilo la pili halikuwa la kucheka, na marehemu hakulisahau.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Adrien Mwamba, fundi wa karakana ya kampuni hapa Likasi, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Walizaa watoto wanne, Mungu akawaachia wawili, Cyrille na Glodie. Adrien alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi, alinawa mara tatu kabla ya kushika bukari, ugali wetu. Alifariki mwaka wa 1987 kwa ugonjwa wa kifua. Marehemu hakuolewa tena.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kupika uji katika shule ya watoto wadogo ya wafanyakazi, toka 1964 hadi 1989. Miaka ishirini na mitano alisikia neno moja tu likirudiwa kwa watoto: usijichafue. Watoto walikaa mikono juu ya magoti wakiimba majina ya rangi, na rangi zenyewe ziko kabatini. Shule ilipofungwa kwa kukosa kila kitu, alirudi nyumbani na ufagio wake. Wakati huo baba za watoto walianza kwenda kuchimba mgodini Kamatanda, mama zao wakaingia sokoni na unga na samaki wakavu, na watoto wakabaki barabarani. Jirani mmoja akamwomba amshikie mtoto asubuhi moja. Baada ya mwezi walikuwa tisa, na mwaka wa 1991 walikuwa ishirini na wawili ndani ya lupango hii, ua huu tunamokaa sasa. Aliyekuwa na kikombe cha unga alileta. Asiyekuwa nacho alileta mtoto tu.

Nawaeleza jinsi alivyofanya kazi, kwa maana wengi walipita nje wakaona matope na kelele, wakasema yule mama amechoka akili.

Alichukua mlango wa zamani, akaulaza juu ya matofali, ndiyo ikawa meza ya bulongo. Udongo mwekundu ulitoka kwenye kichuguu, mweusi alitengeneza kwa makaa aliyoyasaga, wa manjano walichota kwenye njia ya Kamatanda, na mweupe ni pemba ya kununua sokoni. Rangi ya bluu ilikuwa ile dawa ya kufulia mashati meupe. Kijani hakutaka. Alisema jiwe la kijani la mgodi ni sumu, linaingia tumboni kwa vidole. Baba mmoja alimletea mara moja jiwe la Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani, la manjano linalong'aa kuliko ua.

"Mama, angalia rangi hii. Batoto batafurahi."

"Imetoka wapi?"

"Kule."

"Basi irudie kule. Na weye, ukanawe mbele ya kubeba mutoto yako."

Alilibeba jiwe lile mwenyewe kwa koleo, akalifukia mbali na nyumba.

Asubuhi watoto walimwaga maji toka mkebe mrefu kwenda sahani pana, na kurudisha, hadi wakajua kwa macho yao kwamba maji ni yaleyale. Walifinyanga bukari ya udongo, mmoja akawa mama, akaambiwa, "Bako batano, bukari iko moja. Gawa." Ugomvi uliotokea hapo ndio ulikuwa somo. Mimi nilipowaona wamejaa matope hadi masikioni nilimkemea. Akanijibu kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, mutoto anahesabu kwanza na mikono. Kichwa itafika nyuma, iko na njia yayo." Mwaka wa njaa, mtoto mmoja aliikata bukari ya udongo akaila kweli, akaomba na mboga. Toka kesho yake hakuna mtoto aliyefinyanga chakula kabla ya kunywa uji, hata kama uji wenyewe ulikuwa maji meupe.

Na kila mwezi wa tisa aliwapima. Mtoto alichovya mkono wake ndani ya pemba, akaugandamiza ukutani, ukuta huu ambao mnauona nyuma ya jeneza. Glodie aliandika jina chini yake. Mwaka uliofuata mtoto aliweka mkono juu ya alama ya zamani, akaona vidole vinavyozidi, ndipo akapaka alama mpya juu ya ile. Hivyo walijifunza kulia na kushoto, tano na kumi, na wengi waliweza kusoma jina lao kabla ya kuona kitabu. Aliyezoea kulialia alinyamaza akipelekwa kuona alivyokomea, yaani alivyokua.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka wa 1992 ilisemwa mjini kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao, hata wale ambao babu zao wamezikwa hapa Likasi. Mnajua yaliyofuata, sitayasoma kwenye kilio. Kati ya watoto ishirini na wawili, kumi na mmoja walikuwa wa nyumba hizo. Watoto wenyewe walianza kucheza gari la moshi hapa uani: vigoda kwa mstari, vifurushi vya majani kichwani. Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka mitano, Kabedi, na rafiki yake Pitshou, wa miaka sita. Kabedi ndiye aliyekuwa mkuu wa gari.

"Weye hapana kupanda," alimwambia mjukuu wangu Eddy. "Weye ni wa hapa."

"Minye nataka kupanda."

"Utaikala hapa. Utatuchungia mikono."

Marehemu alisikia, hakuwakataza. Mwezi wa kumi na moja wote kumi na mmoja waliondoka na wazazi wao kungoja gari kituoni. Walingoja miezi mingi, chini ya mahema. Marehemu alikwenda kila Jumanne na Ijumaa na ndoo ya uji na mabonge ya udongo ndani ya kitambaa kilicholowa. Watu walimwambia anajitafutia matatizo. Aliendelea kwenda. Kabedi alikufa pale kwa surua, tarehe 16 Februari 1993. Kisha zikafika habari za wengine watatu waliokufa njiani. Pitshou na mama yake walipanda gari mwezi wa tatu. Toka siku ile hatukusikia neno.

Ndipo lilipotokea kosa letu, na ni sisi watu wa hapa tu tungeweza kulifanya. Mgeni angeona ukuta wenye mikono meupe, basi. Sisi tunajua pemba. Tunajua bibi zetu walimpaka nani, na siku gani, na kwa kuita mizimu gani. Ikaanza kusemwa kanisani na bombani kwamba watoto wanne waliokufa, wote wanne, mikono yao ilikuwa pale. Kwamba Mama Bulongo aliwatoa kafara kwanza ukutani. Mama mmoja akamwondoa mtoto wake, na wa pili, na wa tatu. Kati ya kumi na mmoja wa hapa, walibaki watoto wanne.

Kati ya wale saba walioondolewa, wa tano alikuwa Eddy, na aliyemwondoa ni mimi. Ninalisema mbele ya jeneza kwa sababu wasifu wenye shimo katikati si wasifu. Nilikuja saa sita mchana, na kisu changu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, nikaukwangua mkono wa mjukuu wangu mpaka tofali likaonekana. Mdogo wangu alikuwa anaosha mikebe. Aliniangalia hadi nikamaliza, akasema, "Yaya, tofali itaharibu kisu. Upitie kwa Glodie akinoe." Afadhali angenitukana.

Eddy alikaa kwangu mwaka na nusu, safi kama sahani. Alijifunza kunyamaza. Mwezi wa tisa 1994 alitoroka mwenyewe, nikamkuta hapa ameshaweka mkono wake juu ya alama ya kisu changu. Nikamwacha. Mkono huo upo, na Eddy yupo, amekaa pale nyuma na muwa wake. Anayetaka kumhesabu amhesabu.

Ugonjwa wa sukari ulimshika marehemu mwaka wa 1994. Mwezi wa saba mwaka huu alipata kidonda mguuni, hakikupona. Tulimpeleka hospitali na shuka letu, serumu yetu na ndoo yetu ya maji, maana waganga walikuwa na mikono yao tu, nao tunawashukuru. Mwezi wa tisa aliomba arudishwe nyumbani. Hapo Mzee Urbain, mkubwa wa kanisa letu, lililomtenga kwa ajili ya ukuta, alikuja kumwombea. Baada ya sala akasema, "Mama Numbi, ukuta ile inabeba kilio. Tupake chokaa, na kanisa itakurudishia mahali yako. Na siku Bwana atakuita, tutakupitisha mbele ya madhabahu."

Marehemu alimwuliza, "Mzee, ulikamataka bulongo na mikono lini, mara ya mwisho?"

"Ku makaburi."

"Na mbele ya pale?"

Mzee alifikiri. "Sikumbuke."

"Njo maana unaiogopa. Batoto banaijua kwa kazi ingine."

Mzee Urbain si mtu mbaya. Alikaa tena kidogo, akanywa maji, akaenda. Lakini neno la wazee lilibaki lile: chokaa kwanza, kanisa baadaye. Ndiyo sababu leo jeneza halikupita kanisani, na wimbo tumeuanza sisi wenyewe. Jana mkokoteni ulileta gunia la chokaa hadi mlangoni. Tumelipokea kwa heshima, tumelimwaga chooni, linafanya kazi. Mimi mkubwa wa ukoo ninasema mbele ya wote: ukuta haupakwi. Kama kuna mzigo kwenye neno hilo, nimeubeba mimi, nisiulizwe tena njiani.

Alilala katika Bwana Jumatano tarehe 11 Oktoba 1995, saa mbili asubuhi, katika nyumba yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mtoto wake Cyrille, aliye Kolwezi na ambaye hakupata gari la kumfikisha, mtoto wake Glodie, aliyemwosha, wajukuu watano, dada yake mimi Jaël, watoto wanne waliobaki kwenye meza ya bulongo hadi mwisho, pamoja na Eddy, na wale saba waliopanda gari, ambao hatujui kama wana habari kwamba wamefiwa. Udongo aliouheshimu umpokee taratibu, na apate kwa Mungu pumziko ambalo mji huu haukumpa.

Siku mbili kabla ya kufa aliniita nikae kitandani pake. Kibakuli cha pemba kilikuwa juu ya kiti, Glodie alishakikoroga. Mimi sijapenda kuchafua mikono maisha yangu yote, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Yaya, kila mwaka, mbele ya mvua, utapaka. Weye, hapana Glodie."

"Minye? Na burashi?"

"Na kidole. Ya bale tunajua balikufwa, fuata mustari, usiongeze. Kabedi alikuwa na miaka tano, abakie na tano."

"Na bengine?"

"Bengine uache fasi pembeni ya kila kidole. Pitshou umuachie mingi. Atakuwa alishakomea."