Wazee wa Baraza Wamesema

Ukitaka kuijua sheria ya Mwingereza usiende bomani. Njoo kijiweni kwa Kassimu muuza kahawa, nyuma ya stesheni ya Same. Bomani wanaisoma tu, sisi tunaifafanua. Siku hiyo benchi zima lilikuwa na hasira. Jana yake Jaji, aliyekuja kwa treni kusikiliza kesi za mauaji, alimfunga Tumainieli, wa kijiji cha Mamba kule mlimani, miaka saba. Kijana aligombania zamu ya maji, akamsukuma mlinzi wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, naye akaangukia mawe akafa. Wazee wa baraza watatu, walioketi ubavuni mwa Jaji, walisema kwa kauli moja kwamba hakukusudia, aachiwe. Mmoja wao ni mwenzetu Mzee Eliamini, ambaye tangu aketi meza moja na Jaji tunamwita Mezani.

— Mezani, hebu nieleze tena, alianza Sefu, ambaye tunamwita Karani kwa kuwa aliwahi kumbebea karani mwavuli. Mzee wa baraza maana yake nini hasa?

— Mshauri. Jaji kaniuliza, “Mzee, waonaje?” Nikamwambia. Akaandika. Akanishukuru.

— Halafu?

— Halafu akafunga mtu.

Danieli, ambaye tunamwita Askofu ingawa kwaya imemfukuza mara mbili, akatikisa kichwa.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Kapona wapi, Askofu? Mezani akamuuliza. Mwenyeji yuko jela!

— Sikilizeni, Karani akadakia. Kwao Ulaya kuna kitu kinaitwa juri. Watu kumi na wawili, waoka mikate, washona viatu, wanafungiwa chumbani. Wakitoka wakasema hana hatia, Jaji hana ubavu. Anavua zile nywele za bandia, za kondoo, anakwenda kula.

— Za farasi, Mezani akasahihisha. Mimi nimeziona kwa karibu.

— Basi ugonjwa ndio huo! Masikio yamefunikwa na farasi. Ulikuwa unashauri mkia!

Kassimu akamimina kahawa.

— Mimi naona ninyi wazee wa baraza ni kashata. Hukumu ndiyo kahawa, chungu. Kashata inawekwa pembeni mnywaji asikunje uso.

— Hapana, akasema Askofu. Hii ni hesabu ya kiyama. Mola akimuuliza Jaji, “Nani alimfunga Tumainieli?” atajibu, “Bwana, tulikuwa wanne mezani.” Mezani, utachomwa kwa ushauri!

Eliamini akajipiga gotini kwa kiganja.

— Msinichezee! Penye wazee haliharibiki neno!

— Halikuharibika, mzee wangu, Karani akamjibu. Neno lako liko zima, limo kwenye faili. Aliyeharibika ni kijana.

Tulicheka. Tulicheka vibaya, na Eliamini mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Alikuwa Eliwaza, mama yake Tumainieli, miguu imejaa vumbi, kibuyu kikubwa kichwani.

— Mzee Eliamini, ile habari uliyompa utingo wa lori ilinifikia jana jioni, kwamba wazee mmeshasema mwanangu hana kosa. Nimeshuka usiku huo huo. Nimeleta dengelua, pombe ya miwa, anywe na watoto wa marehemu mbele yenu, yaishe.

Kumbe Mezani alituma habari pale pale alipomaliza kusema, Jaji hajafungua kinywa! Simlaumu. Kule mlimani, wazee wakishasema, nani tena aseme?

— Nimepita bomani, wamenifukuza. Nimngojee wapi?

Treni ya kwenda Moshi ilikwisha kumchukua Tumainieli jana, katikati ya askari wawili. Sote tulimwona akipanda. Karani akainamia kikombe. Askofu, mwenye methali kwa kila jambo, akainama kufunga viatu. Kassimu akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

— Wazee wangu, nauliza, nimngojee wapi?

Eliamini akasimama, akampokea kibuyu, akabaki amekikumbatia. Aibu ilitushika sote.