Nguzo Aliposhusha Mkono

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki hakijawahi kumcheka mtu aliyeanguka. Hata mara moja. Utani wangu mnaujua, lakini mipaka ninayo.

Leo tunamkumbuka mwanahabari wa televisheni tuliyemwita Nguzo. Jina alipewa na mpita njia aliyemzomea mpaka koo likakauka, akasalimu amri: "Huyu si mtu, ni nguzo!"

Maana dada huyu alizomewa, jamani! Akiwa mubashara, wapita njia humzonga kama nzi. "Muongo wewe!" "Dada, nisalimie shangazi!" Mmoja alimvika ndoo kichwani. Nguzo akaimalizia habari humo humo ndani ya ndoo.

Alikuwa na ishara na mpiga picha wake. Wakimzidi, hushusha mkono wa kushoto. Mpiga picha huivuta picha usoni, wazomeaji wakabaki nje. Mkono chini, uso karibu. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote.

Jumanne asubuhi, nje ya kituo cha mabasi, mkono ukashuka.

"Nikamvuta karibu," anasema mpiga picha. "Nikaona jasho. Nikajisemea, leo wamemchokoza kweli. Kumbe magoti yanamlegea. Sikuyaona. Nilishayakata nje ya picha mwenyewe."

Nguzo akaanguka. Moyo. Na umati, wasikilizaji wapendwa, ukashangilia! "Nguzo imeng'oka!" Walidhani ni mchezo. Mpiga picha akapiga yowe: "Msaada!" Wakamuiga. Wakalipokezana neno hilo kama kibwagizo, simu juu. Alipofikishwa hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Moyo wa dada yetu ulisimama, na watu walikuwa wanacheka. Nimeshtuka mpaka maneno yamenikimbia. Mimi, wa maneno!

Poleni sana wanafamilia. Pole, mpiga picha. Nasi tujiulize: kabla ya kumcheka mtu, huwa tunamtazama? Mama mzazi wa Nguzo yuko nasi kwenye simu. Mama, pole sana.

"Nimeshapoa, baba. Ni wewe unayetangaza pia asubuhi?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Jumanne uliweka sauti ya kishindo, halafu watu wanaimba 'msaada, msaada'. Ukasema, bibie kachoka kuzomewa, kaamua kulala. Ukacheka mpaka ukapaliwa."

"Mama, mimi…"

"Jina hukulitaja. Nilikuwa jikoni, baba, nikacheka nawe. Nilikuwa bado nacheka simu ilipolia."