Walinishukuria Kabla Sijapona

Nawasalimu: mulembe kwa watu wa kwetu, yoga kwa Wateso walionioa. Nimeambiwa nikae nikiongea, ndiyo desturi ya kikundi, ili mtu akianguka asianguke kutoka juu. Asanteni, lakini nitasimama. Nikianguka mtanigeuza ubavu na kusogeza viti pembeni, hapa kila mtu anaijua hiyo kazi.

Nina kifafa. Nasema mapema kwa sababu naona sura mpya leo, na najua baadhi yenu mmewaambia watu wa nyumbani kwamba mnaenda sokoni Amagoro. Hata mimi nilikuwa nikienda sokoni.

Sitataja jina la mtu yeyote. Si kwa heshima, msinielewe vibaya. Wale watu wanapenda sana kutajwa, na mimi sitaki kuwafurahisha.

Mimi ni wa Nambale. Niliolewa huku Teso na dereva wa trela anayepeleka mizigo Kampala, tukakaa kwenye boma la kakake mkubwa. Nilianza kuanguka baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mmoja akasema ni mapepo. Mwingine akasema nimelogwa na watu wa Nambale, yaani watu wa kwetu, kana kwamba kwetu hakuna mtu mwenye kazi ya kufanya. Mwishowe nililetwa kliniki hii hapa mbele, na sista akanipa vidonge. Akaniambia, "Mama, meza asubuhi na jioni. Ukijisikia mzima, meza. Ukisahau kwamba uliwahi kuanguka, bado meza." Nikameza. Miezi ikapita sijaanguka. Nikaanza kupika peke yangu, kuteka maji peke yangu, kumbeba mtoto bila mtu kunifuata nyuma kama askari.

Sasa niwaambie kuhusu shemeji mkubwa. Huyu aliishi Amerika miaka kadhaa. Alifanya nini kule hatujui, lakini alirudi na koti zito, akafungua ofisi ya kupitisha mizigo pale mpakani Malaba, na akarudi pia na sikukuu. Alisema kule kila Novemba familia zinakutana, zinakula bata mzinga na kushukuru. Kule ni Alhamisi. Akaihamishia Jumamosi kwa sababu Alhamisi wageni anaowataka wako mpakani kazini. Basi kila Novemba boma letu likawa na hema, viti vya plastiki vilivyovalishwa nguo na utepe, na spika za kuamsha watu hadi Tororo.

Ndugu zangu, mmewahi kupika bata mzinga kwenye mafiga matatu? Kule eti anaingizwa kwenye oveni. Sisi tulimchemsha tangu alfajiri kwenye sufuria ya matanga, kuni zikaisha, na nyama bado ilikuwa inatuangalia tu. Alipelekwa meza kuu akiwa mzima, amefungwa kitambaa, apigwe picha. Hakuna aliyemla. Wageni walikula kuku na ugali, na wazee walikuwa nyuma ya ghala na mirija yao kwenye pombe ya wimbi, wakigombana nani ana haki ya firigisi ya ndege mkubwa hivyo. Sisi wanawake tuliomchemsha tulikula ukoko.

Na kila mwaka ilibidi kuwe na shukrani kubwa. Mwaka wa kwanza tulishukuru kwa gari la shemeji. Mwaka wa pili tukashukuru kwa nyumba yake ya vigae. Mwaka wa tatu mtoto wake wa kwanza alipata digrii, tukashukuru mpaka jua likazama. Mwaka wa nne biashara ya mpakani ikalegea. Hakukuwa na gari jipya wala digrii. Hema lilikuwa limeshaagizwa, mhubiri ameshaalikwa, na hakuna cha kushukuria. Shemeji akaangalia huku na huku kwenye boma lake, akaniona mimi nachambua mboga.

"Huyu," akasema, "si ameacha kuanguka?"

Hivyo ndivyo nilivyochukua nafasi ya gari.

Walinishonea kitenge. Walinikalisha mbele, pale ambapo miaka yote nilikuwa naruhusiwa kufika nikiwa na sinia tu. Mhubiri akaniwekea mikono kichwani, akatangaza kwamba kifafa kimeng'oka na mizizi yake. Watu wakashangilia. Nikapewa kipaza sauti niseme. Nikasema, "Namshukuru Mungu, namshukuru na sista wa kliniki, na hizi dawa ambazo..." Sikumaliza. Kipaza sauti kilitoka mkononi mwangu haraka kuliko mwizi wa simu pale stendi ya Malaba. Video ikatumwa kwenye watsapu ya ukoo. Ukitazama utaona nasema namshukuru Mungu, halafu inaingia kwaya.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni na kikombe cha maji, nameza kidonge changu. Mama mkwe akaniona.

"Bado unameza?"

"Nameza, mama."

"Si tulishashukuru?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Kumbe mwenzangu hacheki. Jioni shemeji akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kwangu na funguo za gari zikining'inia kidoleni, maana yeye hawezi kuongea bila funguo.

"Mama watoto, hebu fikiria. Watu walikuja, ng'ombe aliliwa, mtumishi wa Mungu alisema umepona. Leo mtu akikuona na vidonge, mimi nitaitwa nani?"

"Shemeji, sista alisema nisiache."

"Sista hakuwa kwenye hema."

"Na yule mhubiri wako," nikamwambia, "mbona anavaa miwani? Yeye macho yake hakuna wa kuyaombea?"

Aliniangalia kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. Kisha akamwambia mama mkwe achukue kopo la dawa, na mama mkwe akachukua. Shemeji akaniambia kwamba nikionekana kliniki, nisirudi pale bomani. Niendelee moja kwa moja mpaka kwetu Nambale, na watoto wabaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo.

Nilimpigia mume wangu simu. Alikuwa Jinja na trela. Yule mwanaume anarudisha kontena nyuma kwenye uchochoro bila kugusa ukuta, lakini mbele ya kakake hajui hata kugeuza shingo. Mizigo yake yote anapewa na kakake. Akaniambia, "Wewe msikize tu mkubwa, usiniharibie." Nikakata simu. Nilimdharau siku hiyo, nasema wazi, na yeye anajua.

Kwa hiyo niliacha dawa. Waliponilazimisha kuchagua kati ya kidonge na watoto wangu, ningefanya nini? Kina mama mlioko hapa mnajua jibu, msijifanye.

Haikuchukua muda. Nilikuwa nakoroga uji wa watoto nikaangukia motoni. Msichana wangu mkubwa ndiye aliyenivuta kwa mguu, huku akipiga kelele. Nilipozinduka, mkono huu wa kushoto ulikuwa umeiva, angalieni wenyewe. Mama mkwe akanipaka dawa ya meno. Shemeji akaja akaangalia, akatoa hukumu.

"Ameteleza."

Basi nikawa mtu wa kuteleza. Nikateleza jikoni, nikateleza kisimani, nikateleza kanisani katikati ya maombi, na mke wa shemeji akanifunika leso mwili mzima kama maiti ili wageni wasione povu. Nikashonewa nguo za mikono mirefu. Familia nzima yenye akili, wenye vyeti ukutani, wanakubaliana kwamba mwanamke mmoja ndiye asiyejua kutembea kwenye ardhi iliyonyooka. Usiku nilifunga watoto upande wa pili wa kitanda kwa shuka, nikiogopa kuwaangukia.

Aliyenitoa huko ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa baiskeli. Aliona sijafika kliniki, akaja nyumbani. Mama mkwe akamwambia, "Huyo alipona, hujaona video?" Akasema ameiona, ni nzuri. Akaomba maji ya kunywa. Mimi ndiye niliyempelekea, na mkono wa nguo ukapanda, akaona kidonda. Akanywa, akarudisha kikombe, akapanda baiskeli yake. Siku ya pili mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale njia panda aliniita kwa sauti kubwa: "Mteja wangu! Mbona umenitoroka? Njoo nina omena ya Sio Port, leo imekauka vizuri." Sikuwahi kuwa mteja wake. Nikaenda. Chini ya karatasi ya kufungia kulikuwa na kidonge, na pembeni kikombe cha maji.

"Sista amekutumia," akasema. "Na cha asubuhi ndicho hiki, kifunge kwenye leso. Kila jioni uje. Nani atamkataza mke wa mtu kununua mboga?"

Ndugu zangu, nawaambia, familia ile ilikula omena. Omena ya kukaanga, omena ya nyanya, omena na mrenda. Mama mkwe akauliza kama ziwa limehamia Amagoro. Walikula dawa zangu bila kujua, kwa maana ya kwamba kila kijiko walichotia mdomoni kilikuwa kidonge kimoja kimeingia mwilini mwangu. Na mimi nikaacha kuteleza. Shemeji akajipongeza.

Novemba ikafika tena. Nikaitwa. Eti ni mwaka mzima wa uponyaji, nitoe ushuhuda tena, na safari hii niseme maneno mafupi. Nikakubali haraka mpaka wakashangaa. Asubuhi ile nilipeleka nguo za watoto kwa mama wa omena, nikavaa kitenge chenye mikono mifupi.

Niliogopa, sitawadanganya. Niliona watoto wangu wamekaa mstari wa mbele na soda zao, nikafikiri, nikifungua mdomo nitawapoteza, na nikiufunga watanizika. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na jenereta. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Nikasema, "Sijapona. Nina kifafa. Mwaka jana mlishangilia, baada ya siku mbili nikanyang'anywa dawa, nikaungua." Nikainua mkono. "Nimesimama hapa kwa sababu nilianza kumeza tena kwa siri, nikijificha kama mwizi, kwenye boma ambalo kila mwaka linashukuru." Mwenye spika akanizima. Haikusaidia, mwanamke aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto hahitaji spika. Nikafungua leso, nikatoa kidonge. Maji hayakuwepo karibu. Nikachukua glasi ya shemeji kutoka mezani, mbele ya bata mzinga wake, nikameza nayo.

Hata wale wazee wa nyuma ya ghala walitoa mirija mdomoni.

Shemeji akasema, "Kesho uende kwenu." Nikamwambia kwa nini tusubiri kesho. Nikawashika watoto mkono, mmoja huku, mwingine huku. Mtu akawa anatuzuia njia, na hapo ndipo nilipoona mume wangu ameacha jenereta na kuja. Hakusema maneno makubwa, hana. Alimwambia yule mtu, "Wapishe." Kisha akabaki pale pale na kakake, na mimi sikumngoja.

Tulilala kwa mama wa omena. Kabla sijalala mlango uligongwa. Alikuwa mke wa shemeji, yule wa kunifunika leso, amejifunika yeye mwenyewe safari hii. Nikadhani amekuja kunitukana. Akakaa kwenye kigoda, akauliza kwa sauti ya chini, "Hizo dawa, kijana mkubwa naye anaweza kumeza?" Kijana mkubwa ni yule wa digrii. Kumbe anaanguka tangu chuo. Tulikuwa tukiambiwa yuko chumbani anatafuta kazi kwenye kompyuta. Baba yake alimficha akiwa na vyeti vyake, na akanitumia mimi kuonyesha kwamba kwenye boma lake kifafa kimeng'oka. Nilitaka kumcheka yule mama. Nikamweleza siku za kliniki.

Mume wangu alikuja baada ya wiki chache, hana tena mizigo ya kakake, ameajiriwa na tajiri mwingine. Nikampa sharti moja: dawa zangu utanipa kwa mkono wako mwenyewe. Siku hizi tumepanga nyumba Malaba. Akiwa safarini hupiga simu, haulizi tumekula nini, anauliza, "Umemeza?" Namjibu kwa kiburi kwamba nimemeza. Nimeanza kumheshimu tena kidogo kidogo, asiharakishe.

Yule kijana naye anameza, na amepata kazi. Baba yake alitaka kuweka hema. Kijana akamwambia, "Baba, ukinishukuria, sitarudi nyumbani."

Nawashukuru basi, na mimi najua kushukuru: sista, yule bwana wa baiskeli, na mama wa omena, ambaye mpaka leo anakataa kusema kwamba alifanya chochote zaidi ya kuuza samaki. Mungu nilimshukuru kila jioni pale njia panda, mdomo ukinuka omena, na sikusikia akilalamika kwamba nina kidonge kooni. Wanaolalamika ni wenye hema. Mtu akikwambia imani yako itaonekana ukiacha dawa, muulize ataonekana wapi yeye siku utakapoungua.

Na wewe dada uliyekaa karibu na mlango, umejifunga leso mkononi na joto hili, sikuulizi chochote. Rudi tu mwezi ujao. Hapa hakuna atakayekupigia makofi wala kukushonea kitenge. Tutakuuliza tu kama umemeza.