Marehemu Anselmo Dimaculangan na Tangi Aliloliita Safi

Baba Padri, ndugu, jamaa, majirani wa Malindig na ninyi mliotoka mbali kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imemtuma Perlita, binti wa kwanza wa marehemu, asimame hapa asome maisha ya baba yake, na kabla hajaanza anaomba mumvumilie, kwa sababu historia za marehemu tumezoea kuzisikia zikiwa zimeshafuliwa na kupigwa pasi, lakini hii mwenyewe alikataa isifuliwe. Wengine huomba wakifa wasifiwe, yeye aliomba akifa asemwe, na aliomba hivyo akili zake zikiwa timamu.

Marehemu Anselmo Dimaculangan alizaliwa tarehe 21 Aprili 1951 hapa hapa Malindig, mkoani Batangas, siku ya Mtakatifu Anselmo, ndiyo maana hakuna aliyeumiza kichwa kumtafutia jina, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ciriaco, mkwezi wa minazi, na Mama Basilisa, aliyeuza samaki wa kukausha mlangoni pa kanisa. Alianza shule ya msingi Juni 1958 akamaliza Machi 1964, sekondari alikaa mwaka mmoja tu akaiacha, lakini kusoma alikuwa anasoma, tena vizuri, kwa muda mrefu ndiye aliyesoma masomo ya Misa ya Jumapili katika kanisa hili, na familia inalitaja hili mapema ili baadaye asije mtu akamtetea kwamba hakuelewa maandishi.

Mwaka 1969 aliajiriwa bandarini kukwangua kutu na kupaka rangi meli, mwaka 1974 akajifunza kukata chuma kwa gesi, na mwaka 1983 akaunda kikosi chake mwenyewe cha kuvunja mitambo mikuukuu, akiwa nyapara, na kwa haki ya Mungu alikuwa nyapara mzuri, hakumtukana mtu, hakula kabla ya watu wake, na mgonjwa wa kikosi alimbeba kwa pikipiki yake mwenyewe. Sifa yake kubwa ilikuwa pua. Tangi la mafuta likishaoshwa kwa maji na kuachwa wazi likaukie juani, marehemu alikuwa akiingiza kichwa kwenye mlango wa chini wa tangi, ananusa taratibu kama mama anayeonja mchuzi, anapiga ishara ya msalaba, anasema, "Safi, ingieni," na watu wanaingia. Hakuna tangi lililowahi kulipuka mikononi mwake, na hilo lilimpa kichwa kikubwa, tuseme ukweli.

Kikosi kilikuwa na desturi yake, ambayo baadhi yenu mliokaa humu ndani mnaijua kwa sababu mlikula. Siku tangi linapotangazwa safi, kabla ya kukata bamba la kwanza, walitandaza majani ya migomba kwenye sakafu ya tangi lenyewe, wakamwaga wali, samaki wa kuchoma, bilinganya na nyanya, wakaketi kwa kuzunguka na kula kwa mikono humo humo ndani, nyapara akitangulia kutia tonge mdomoni, ili kila mtu aone kwamba nyapara anaiamini pua yake. Asiyekula alihesabiwa kuwa hamwamini mkubwa wake, na hakuna aliyetaka kuhesabiwa hivyo.

Tarehe 8 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na Felicitas Macatangay, mama yetu, ambaye mnamwona pale mbele, wakajaliwa watoto watatu, Perlita mwaka 1978, Rodelio mwaka 1981 na Nenita mwaka 1985. Pamoja na mke, marehemu alipata pia shemeji, maana mama alikuwa na mdogo wake wa mwisho, Isagani Macatangay, aliyezaliwa mwaka 1968, na wazazi wao walipofariki kijana huyo alilelewa nyumbani kwetu, akala sahani moja na sisi, akafundishwa na marehemu kukata chuma, na mwaka 1994 alipomwoa Herminia ni marehemu aliyesimama naye altareni. Baba wa mama na Isagani alimalizwa na pombe, kwa hiyo Isagani pombe hakuigusa maisha yake yote, hata watu walipoketi wakanywa kwa glasi moja inayozunguka, ikimfikia yeye aliipitisha kwa mwenzake, akaendelea kutafuna karanga na kutoa mizaha. Ninyi nyote mnamkumbuka Isagani akitafuna karanga.

Mwanzoni mwa mwaka 2002, petroli yenye madini ya risasi ikiwa imeshaondolewa sokoni, kikosi kilipewa kazi ya kuvunja matangi makuukuu ya ghala moja la mafuta kule ufukweni. Ubavuni mwa kila tangi palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, kwa lugha yetu, kwamba tangi hili limewahi kuhifadhi petroli yenye risasi, na kwamba hata likioshwa mtu asiingie bila kuvaa barakoa ya hewa ya bomba inayoletwa kutoka nje, ovaroli na glovu, wala asilikate kwa moto kabla kutu haijakwanguliwa mpaka chuma kiwe cheupe. Marehemu aliyasoma, aliyasoma kwa sauti mbele ya kikosi, kisha akacheka.

Isagani ndiye aliyesema, "Shemeji, hapa wameandika hewa ya bomba. Tuwaombe ofisini watuletee, hata tukingoja siku mbili tatu si neno." Marehemu akamjibu, "Haya yameandikwa na watu wanaokaa kwenye viyoyozi. Wewe unaamini rangi au unaamini pua yangu?" Isagani akasema pua anaiamini, ila na rangi nayo haikujipaka yenyewe, na hapo kikosi kikaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Mleteeni Isagani sketi ya dada yake!" na marehemu, aliyemlea kijana yule kama mwanawe, alicheka kuliko wote. Isagani akaona haya, akaingia, akaketi kwenye majani ya migomba, akala. Baada ya mlo wakaanza kuchota tope la chini kwa makoleo, jua likichoma bati, mashati wameyavua kwa joto, kisha wakakata mabamba kwa moto, kutu na kila kitu.

Wiki zilizofuata Isagani aliacha kulala. Herminia alikuja kwa mama akilia kwamba mume wake anazunguka chumbani mpaka alfajiri, hali chakula, anakasirika bila sababu, mikono inamtetemeka, anasema siagi inatembea juu ya mkate. Mama akaleta mganga, mganga akasema kijana amemkanyaga kiumbe asiyeonekana wa ufukweni, akamfukiza moshi na kumpaka mafuta, na marehemu alikubaliana na mganga upesi sana. Lakini wanakikosi wengine wawili nao walikuwa wameanza kutetemeka, na marehemu aliona, na ndani ya moyo wake, hivi ndivyo alivyotueleza kwa kinywa chake, aliyakumbuka yale maandishi mekundu neno kwa neno, akanyamaza, kwa sababu kusimamisha kazi kungekuwa ni kusema mbele za watu kwamba pua imekosea.

Tarehe 9 Machi 2002, mchana kweupe, Isagani alipanda ngazi ya tangi la tatu bila kutumwa, akasimama juu akijipangusa mikono, akipiga kelele, "Niondoleeni hawa sisimizi, jamani, wananiingia mdomoni!" na marehemu akiwa chini akimwita, "Gani, shuka taratibu, mdogo wangu, shuka," Isagani akapiga hatua mahali pasipo na kitu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na Maribel, binti yake, alikuwa na miaka sita.

Watu wa ghala walikuja na watu wa serikali ya kijiji, wakauliza kimetokea nini, na marehemu akajibu kwa maneno manne ambayo familia hii itayabeba mpaka mwisho, "Leo alikuwa amekunywa pombe." Kikosi kizima kilikuwepo, kikosi kizima kilijua kwamba Isagani hakuwahi kulamba hata tone, na kikosi kizima kikaangalia viatu vyake. Neno lile likatoka pale likaingia sokoni, likaingia shuleni, Maribel akaitwa mtoto wa mlevi na watoto wenzake, Herminia akakaa viti vya nyuma kanisani, na watu wakasema kwa kujiamini kabisa kwamba damu ya baba ndiyo imemfuata.

Kwenye mkesha wa Isagani, shangazi yake alileta kifaranga hai akakiweka juu ya kioo cha jeneza, kama tunavyofanya sisi kwa mtu ambaye kifo chake kina mwenyewe, ili kidonoe na aliyehusika adonolewe rohoni. Marehemu alikishika kwa mkono wake mwenyewe, akakitoa nje, akasema kwa upole, "Shangazi, hapa hakuna aliyeuawa, pombe haina kesi." Mama yetu alikuwepo akamshukuru kwa busara yake. Alimshukuru! Mama ameomba hilo lisomwe, anasema sehemu yake ya aibu asipunguziwe.

Marehemu aliendelea na kazi hadi mwaka 2014, mikono ilipoanza kumkataa, akamwachia kikosi Rodelio, na kuanzia mwaka 2019 alisumbuliwa na figo, tumbo na kutetemeka, akitibiwa hapa na pale, mpaka Septemba 2021 daktari mmoja kijana wa Batangas mjini alipomuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, maisha yako yote umefanya kazi gani, mzee. Akapimwa damu, risasi ikaonekana. Daktari akamweleza kwamba petroli ya zamani iliacha sumu yake ndani ya tope na kutu ya tangi, maji hayaiondoi, jua haliiondoi, inaingia kwa pumzi, kwa ngozi na kwa tonge, na ile kali kuliko zote hupanda kichwani, mtu hukosa usingizi, huona wadudu wasiokuwepo, hurukwa na akili. Marehemu akasema, "Lakini mimi nilikuwa nanusa kwanza, daktari." Daktari akamjibu bila ubaya, "Mzee, pua ilikuwa inanusa petroli, hii nyingine haina harufu ya kukuonya." Perlita alikuwepo, aliona baba yake akifunika pua kwa kiganja, akakaa hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tangu hapo alijaribu kwenda kwa Herminia. Alikuwa anavaa shati la Jumapili, anabeba kikapu cha malimau, anafika getini, Herminia anamkaribisha kahawa, na marehemu anaongea habari za mvua, anaongea habari za banda la kuku, anamsifia Maribel kwa kusomea uuguzi, anaaga. Alikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi, malimau ya nyumbani yakatuishia, na lile neno halikutoka. Januari mwaka huu wa 2023 alituita, akatueleza yote kama tulivyoyasoma, na mama yetu hakumsemesha tangu siku hiyo na Kwaresima nzima, alimwekea chakula, akamfulia, akampa dawa kwa saa yake, asimsemeshe, mpaka Jumapili ya Pasaka alipomwambia, "Utasemwa. Mimi nitahakikisha unasemwa." Marehemu akasema, "Ahsante, Feli."

Alifariki tarehe 17 Mei 2023 saa tisa alasiri, hospitalini Batangas, kwa figo kushindwa kazi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Hatuwafichi kwamba juzi tulizozana kule nyumbani. Rodelio alisema, "Baba yuko kwenye jeneza, ninyi mnataka kumvua nguo mbele za watu?" Mama akamjibu, "Mdogo wangu alizikwa uchi, na sisi tukaimba." Basi tukaenda kwa Herminia sote, tukamweleza, tukapiga magoti, naye akatuinua akasema, "Mlimwita mlevi hadharani, mkamsafishe hadharani. Msije kuniombea msamaha jikoni kwangu." Ndiyo maana leo spika zimegeuzwa kuelekea sokoni.

Familia inamshukuru daktari aliyeuliza swali, wauguzi waliomgeuza baba kitandani kwa heshima, majirani mliokesha nasi mkapika uji na kahawa, na Baba Padri aliyekubali isomwe kama ilivyo. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na kwenu tunaongeza ombi, Rodelio ameshaapa mbele ya mama kwamba tangi la petroli ya zamani haliingiwi bila hewa ya bomba na haliliwi chakula ndani yake, lakini ninyi mliokuwepo tarehe 9 Machi 2002, mnaojua kwamba Isagani Macatangay hakuwa na tone la pombe, alikuwa mgonjwa kwa kazi tuliyompa, tunawaomba msimame pale mlipo ili mke wake na binti yake wawaone. Familia itasubiri. Anayeona aibu asimame hivyo hivyo na aibu yake, sisi tumesimama.

Isagani, mjomba wetu, mwenye haki, pumzika kwa amani. Na wewe baba, ukishamwomba radhi huko, nawe upumzike.