Kovu Lililorudishwa Shavuni

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeniambia niifanye kwa ufupi, maana hakuvumilia video ndefu wala hotuba ndefu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya kutwa, aliyoimaliza mwaka 1986 akiwa na alama nzuri za hesabu, na alama za uchoraji ambazo mama aliona heri zisitajwe.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika studio ya video iliyo juu ya duka la vioo, na kompyuta zilipoingia akabobea katika kubandika picha moja juu ya nyingine inayotembea, ziende pamoja bila kuachana. Alikuwa akibandika vipande vidogo vya utepe, kama nukta, ukutani ili mashine ipate alama ya kufuata, ndipo akapewa jina lile, na mkono wa mtu ulipopita mbele ya alama, au kamera ilipotikisika, mashine ikapotea njia, yeye alianzia mwisho wa kipande cha video akirudi nyuma, au aliisogeza alama kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, huku wenzake wakimtania kuwa video ya harusi ikitoka kwake, maharusi huitazama pamoja na wajukuu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993 na muuguzi, shemeji yangu aliye mbele yenu, wakajaliwa binti mmoja, ambaye utotoni aliungua kwa chai na kubaki na kovu shavuni. Binti alipoolewa, Desemba 2019, baba alimtengenezea video, na bila kumuuliza mtu akalifuta kovu mwanzo hadi mwisho, hata pale anapocheka na shela kupeperuka, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, kisha akazifuta kadi za kamera, zilizobeba picha za asili, zirudi kazini. Binti aliitazama mbele ya wakwe, akauliza, "Baba, huyu bibi harusi ni nani?", akaondoka, na kwa miaka mitatu hakukanyaga kwao.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kaka yangu alikuwa mbishi. Figo zilipoanza kumsumbua, mwishoni mwa 2022, alianza kulirudisha kovu kwenye video, mashine ikamgomea, kwa sababu shavu alilolilainisha halikuwa tena na kitu cha kushika, alama ya kufuata ilikuwa kovu lenyewe, naye hakukumbuka sawasawa lilipoishia. Akampigia binti simu, akamwambia tu, "Mwanangu, njoo nilione shavu lako." Binti alikuja, akakaa pembeni ya kitanda akimwelekeza kwa kidole, na sijawahi kumwona kaka yangu na furaha kiasi kile.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, asubuhi, hospitalini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuvutia waya kila umeme wetu ulipokatika, na wenzake waliomletea kompyuta hadi kitandani. Kipande cha mwisho, bibi harusi anapogeuka mlangoni kumpungia baba yake, hakikukamilika, shavu bado ni laini, na studio walipojitolea kukimalizia, binti aliomba kisiguswe, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa baba yake ulipofikia.

Kaka, pumzika kwa amani.